Namsimamia muigizaji wa tamthilia, sisi tunafanya hivi

Watu wengi wakisikia meneja wa msanii wanapata picha ya kina Babu Tale na Mkubwa Fella, magari, shoo za nje, walinzi. Hao wako upande wa muziki na kule kuna hela ya shoo, sa njoo huku kwenye kuigiza uone. Mi namsimamia mtoto wa mamdogo, anaigiza tamthilia za TV hapa Dar, jina silitaji maana mwenyewe kaniambia kaka andika ila mi usinitaje. Mchana mi ni mhasibu kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, umeneja naufanya jioni na wikiendi, na simu za mchana napokelea kwenye korido bosi asinione.

Ilianza na simu, yani wala sio mkataba. Alipata uhusika mdogo kwenye tamthilia moja, mke mdogo mwenye roho mbaya, afu ule uhusika ukabamba ghafla, akipita Tandika wauza vitunguu wanamsonya kweli kweli utadhani kawaibia waume zao. Namba yake kila mtu anayo. Huyu anapiga saa sita usiku anataka aje kwenye ufunguzi wa saluni bure eti utapata promo, huyu anaomba video ya kumpongeza mchumba wake, prodyuza mwingine anasema kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe lokesheni Kigamboni na hata skripti hajatuma. Na yeye ni mtu wa haya, kukataa hawezi. Akaniambia kaka nishikie hizi simu we una roho ngumu. Tukasajili laini mpya tukaiweka kwenye bio ya Insta, kazi zote piga hapa, ile ya zamani ikabaki ya familia.

Aisee ile laini peke yake ilifanya nusu ya kazi. Mtu akipiga akakutana na sauti ya kiume inamwambia tuma kwa maandishi tarehe, sehemu, kazi yenyewe ni ipi na bajeti yako, wengi wanakata na hawarudi, wanaobaki ndo wateja. Tena kwenye bei ndo kabisa, yeye akiulizwa shilingi ngapi anaanza kucheka cheka na kujishusha mwenyewe, mi naitaja afu nanyamaza. Kunyamaza baada ya kutaja bei ni kazi ngumu kuliko unavyofikiri, jaribu.

Baadae nikamwambia mdogo wangu hapa tuandikishane. Mamdogo alikasirika, mtoto wa dada yangu na mwanangu mnaandikishana nini, mna kesi? Nikamwambia mamdogo tunaandikishana ndo tusije kuwa na kesi. Maana ndugu ndo wanaongoza kwa kugombana kwenye hela za sanaa, huyu anasema nilikutoa mbali, yule anasema umenila. Tukakubaliana asilimia 15, miaka miwili, na mwaka ukiisha sijamletea kazi yoyote ya maana ana haki ya kuondoka bila kunilipa kitu. Na tukitengana, dili nilizoziingiza mimi naendelea kupata changu mwaka mmoja tu, sio maisha.

Ila asilimia sio shida, shida ni asilimia ya nini. Hapa wasanii wengi wanapigwa bila kujua. Tuseme kazi ya laki 8, mekapu, usafiri na nguo vimekula laki 2. Meneja akikata 15 kwenye laki 8 anachukua 120,000, akikata kwenye laki 6 iliyobaki anachukua 90,000. Elfu 30 kwenye kazi moja, zidisha kwa kazi za mwaka mzima. Sisi tunakata baada ya gharama. Na hela inaingia kwenye akaunti yake yeye kwanza afu yeye ndo ananilipa mimi. Mameneja wenzangu wananicheka kwa hilo, wanasema siku moja atakukimbia, nawaambia akitaka kukimbia atakimbia tu, ila akiona kila shilingi inaingia kwake hana cha kunishuku.

Kwa Wamarekani hii kazi imegawanywa, ajenti ndo anatafuta kazi na pale California lazima awe na leseni, kawaida yao anakula asilimia 10, meneja yeye ni wa kushauri, kazi hii chukua ile acha. Sisi huku meneja ndo huyo huyo ajenti, mhasibu, dereva, na siku nyingine mbeba begi la nguo. Sawa tu, ila mi nimejifunza kwamba ile sehemu ya kushauri ndo yenye hela hata kama haionekani.

Nije kwenye mkataba wa prodyuza, hapa ndo nilikaa sana. Enzi zile za Kanumba, kabla hajafariki Aprili 2012, muigizaji alikuwa anashuti filamu siku chache analipwa chake anaondoka, filamu inaenda Kariakoo kwenye DVD, hata ukipunjwa umepunjwa mara moja. Sa hivi soko la DVD halipo, kazi iko kwenye tamthilia za ving'amuzi na tamthilia inakula miezi, kwa hiyo ukisaini vibaya unaumia muda mrefu. Walituletea karatasi za Kiingereza kurasa kibao, msichana wa ofisini anasema saini hapa na hapa, gari linasubiri. Nikasema gari liende tu. Nikampelekea wakili mmoja tunayesali naye, akasoma akacheka, akanionyesha kipengele kwamba msanii asionekane kwenye kazi ya mtu mwingine yeyote muda wote wa mkataba na miezi 12 baada ya kwisha. Sasa piga hesabu, wanamwita kushuti kama wiki moja kwa mwezi, wanamlipa hiyo wiki, ila wamemfunga mwezi mzima, tena hadi mwaka mwingine mbele ambao hawamlipi hata mia.

Nikarudi kwa prodyuza kwa adabu zote, nikamwambia mkuu hatukatai, ila mkitaka kumfunga mlipie na zile wiki tatu mnazomfunga, au mfunge kwenye tamthilia peke yake, matangazo, redio, jukwaa na kazi za sauti muache. Akasema mbona wenzake wote wamesaini? Nikamwambia mkuu hao siwasimamii mimi. Tulivutana wee, mwisho wakakubali tamthilia peke yake na baada ya mkataba miezi mitatu. Hicho kipengele kimetulisha kuliko posho yenyewe, mtaona.

Kingine niliuliza mhusika wake atafika wapi. Maana mwandishi akiamka vibaya anamuua mtu kwenye skripti, ajali ya bodaboda, kesho huna kazi na kodi umeshaahidi. Nilitaka wakimuua mapema walipe kiasi fulani, hilo walikataa katakata, wakakubali kutoa taarifa mwezi mmoja kabla. Si haba. Na nguo! Waigizaji wengi hapa wanavaa nguo zao wenyewe, sasa mke mdogo wa tajiri lazima apendeze, na gauni la sini ya leo linaweza kutakiwa tena wiki tatu mbele kwa ajili ya kontinuiti hata kama umeshaliazimisha kwenye harusi. Alikuwa anamaliza malipo yake Kariakoo. Tukadai hela ya nguo ya kila mwezi, wakatoa ndogo, ila wakatoa.

Sasa lile lililotugombanisha mimi na yeye. Baada ya uhusika kubamba, kila simu ya kazi ya kuigiza ikawa ni ile ile, mke mdogo mwenye roho mbaya, mwizi wa waume, mara mchawi wa kistaarabu. Hela nzuri tu. Mi nikawa nakataa. Alivyojua alinipigia hana hata salamu, kaka, kodi ya miezi sita utalipa wewe? Nikamwambia njoo nyumbani ukae ule kwanza. Nikamfungulia kompyuta nikamwonyesha, hizi kazi ukizichukua zote utapata hiki mwaka huu, ila mwakani wakimchoka mke mdogo watakuchoka na wewe maana watakuwa hawajui kingine unachoweza. Ukizikataa lazima tuzibe hili pengo, na tunaliziba kwa vitu ambavyo havionyeshi sura au vinaionyesha kivingine. Alinuna, akala ubwabwa wangu wote akaondoka.

Pengo tuliziba na vitu vya ajabu ajabu. Kichen pati moja, wanawake wakamkodi aje kumtisha bibi harusi, anaingia ghafla kama yule mke mdogo anampa maneno mtoto wa watu, ukumbi unavunjika mbavu, afu anageuka anamfunda kwa upole. Ile video ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tukawa tunaitwa kila Jumamosi, nikapandisha bei. Likaja tangazo la redio la sabuni, sauti tu. Na sauti ndo ikafungua mlango mwingine, kuingiza Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Hii kazi watu hawaijui lakini ina miaka, tamthilia ya Kichina ilisharushwa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, na 2016 StarTimes, wale Wachina wa ving'amuzi, wakafanya shindano la kutafuta sauti hapa Tanzania, washindi wakaenda kufanya kazi Beijing. Leo za Kituruki ziko kila nyumba mpaka bibi zetu wanajua majina. Unakaa studio na hedifoni, hakuna mekapu, hakuna gauni, hakuna Kigamboni saa kumi na mbili, na sura yako inapumzika machoni pa watu. Na kwa ule mkataba wa mwanzo tusingeruhusiwa kugusa hata kimoja kati ya hivi.

Uhusika tofauti ulikuja baadae sana, mwalimu mkuu wa shule ya kata, mkali ila ana huruma. Hela yake ilikuwa ndogo kuliko zile tulizozikataa. Nilimwambia chukua bila hata kuuliza mara mbili, na nikakaa kimya kwenye bei kwa mara ya kwanza kwa sababu nyingine kabisa, nisiiharibu.

Mambo ya serikali nayo msiyadharau, TIN yani namba ya mlipakodi, usajili BASATA lile Baraza la Sanaa la Taifa, na Bodi ya Filamu, kampuni kubwa hailipi mtu asiye na makaratasi. Wakikulipa wanakata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake hapo hapo, ukingoja mwisho wa mwaka yule mhasibu ameshahama kazi.

Mkataba wetu umeisha juzi tukakaa kuandika mpya. Ile kazi ya studio aliitafuta mwenyewe kupitia rafiki yake wa kwenye kikundi, kwa hiyo kagoma kabisa nisichukue 15, na mi nagoma kwamba nani alifungua kile kipengele cha sauti? Tumebishana mpaka mamdogo akasema si niliwaambia. Tumeishia kazi aliyoitafuta mwenyewe nachukua 5, niliyoitafuta mimi 15, na yeye kaongeza kipengele chake kwa mkono wake, meneja haruhusiwi kupokea simu za kazi baada ya saa nne usiku, maana wifi yake ndo anampigia yeye kulalamika.