Kama Fundi Saa

"Mpwa, mbona unapima kama fundi saa?" Mjomba kaniuliza hivyo Jumanne, mbele ya vijana wote wa gereji, kisha akaenda zake kunawa mikono. Wiki hii tumehama nyumba na dada kapata ile kazi aliyoililia, lakini kichwani mwangu yumo fundi saa tu.

Kuna hedi, yaani kichwa cha injini, iliyochemsha mpaka ikapinda. Imerudi kutoka kusagwa, chini imenyooka. Ukilaza rula, fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi, hata nyembamba kabisa haipenyi. Mjomba akataka tufunge siku hiyo hiyo. Nikamwomba tuijaribu kwanza kamshafti, ule mhimili unaozunguka juu ya hedi na kufungua vali. Kinachosagwa ni uso wa chini, ilhali hedi ikipinda hupinda yote, na juu, pale kamshafti inapolala, mashine haikufika. Ukiibana kamshafti iliyonyooka kwenye vitanda vilivyopinda, itakula kepi, vile vifuniko vinavyoishikilia, au ikatike yenyewe.

Nikaiweka bila vali wala tepeti za kuzisukuma, kila kepi mahali pake kwa namba na mshale, maana zilichongwa pamoja na hedi na hazibadilishani. Ikazunguka kwa vidole. Kwa Mjomba hapo yamekwisha. Kwangu bado: ikizunguka najua haijabana, sijui imelegea kiasi gani, na ikilegea mno presha ya oili inapotelea hapo. Basi nikafuta oili yote, kwa sababu huuyeyusha uzi wa plastigeji, ule uzi laini wa kupimia nafasi, nikalaza kipande juu ya kila jonali, pale kamshafti inapozungukia ndani ya kepi, nikakaza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kamshafti isisogee hata kidogo, nikafungua tena nipime uzi umetandazika upana gani, maana upana huo ndio unaosema nafasi iliyopo. Hapo ndipo fundi saa alipozaliwa.

Ningemjibu nini? "Saa ikisimama, Mjomba, mtu anachelewa tu, hii ikisimama je?" Jibu zuri, ila limenijia usiku kitandani, na hata lingewahi nisingethubutu. Halafu ile "mbona" yake, aliisema akicheka? Nikikumbuka uso, naona alicheka. Nikikumbuka sauti, hapana.

Uzi ulitandazika vizuri kila kepi: nafasi ni 0.038 mm pembeni, 0.051 katikati, na kikomo cha kitabu cha injini hii ni 0.10. Yaani hedi ni nzima. Ingefungwa bila kupimwa na ingekwenda. Hilo liliniuma kuliko neno lenyewe.

Jana mwenye gari kaja, akauliza kama itadumu. Mjomba, bila kuniangalia, akasema, "Hii imepimwa, bwana, kepi kwa kepi." Akachukua karatasi yangu ya vipimo, akamsomea hadi desimali ya mwisho, kwa sauti ya mwenye kazi yake. Nikainama chini ya meza kutafuta bolti ambayo haikuwa imepotea. Huko chini nilicheka peke yangu.

Sasa kinachoninyima usingizi ni paka. Tangu tuhame hajala, kajibanza nyuma ya kabati, ukimwita haitiki. Mwenye kujua la kufanya aniambie, maana watoto wameanza kuuliza.