Nilivyoipata ncha ya kusini Makunduchi kwa timazi na upondo

Kila maelezo niliyosoma kuhusu kutega traka ya nyota kwa picha za usiku yalianza vilevile: itafute Nyota ya Kaskazini. Mimi naishi Dar es Salaam. Kwetu nyota hiyo haichomozi. Iko chini ya upeo wa macho usiku kucha, mwaka mzima. Maelezo ya watu wa kusini nayo, wale wa Australia na Afrika Kusini, yanakwambia utafute Sigma Octantis, nyota iliyo kama nyuzi moja tu kutoka kwenye ncha ya kusini ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka. Ni kweli ipo, lakini ni hafifu. Ukali wake ni 5.4, mpakani mwa kile jicho linachoweza kuona penye giza safi. Kwa wengi wao ncha iko juu nyuzi 25 na zaidi. Kwetu iko nyuzi sita hadi saba hivi juu ya bahari, ndani ya ukungu wa chumvi na mwanga wa mji, na hapo Sigma Octantis huioni kwa jicho wala kwa kile kidarubini kidogo kilichomo ndani ya traka.

Kwa asiyeijua traka: ni kijisanduku chenye mota unachokifunga kati ya stendi na kamera. Kinaizungusha kamera taratibu, mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ili iende pamoja na nyota. Bila hicho, lenzi yangu ya milimita 50 haivumilii zaidi ya sekunde sita hivi kabla nyota hazijageuka vistari. Kikiwepo naweza kuacha kamera ikusanye mwanga dakika mbili au tatu, na Njia Nyeupe ikatoka na mawingu yake meusi ya vumbi ambayo jicho linayahisi tu. Sharti lake ni moja: mhimili wa traka uelekee kwenye ncha ya anga. Ukikosea nyuzi moja, lenzi pana haitakusema. Ukikosea nyuzi tano kwa milimita 50, dakika mbili zinatosha kuharibu picha.

Mara ya kwanza nilikwenda Bagamoyo, Juni 2023, mwezi ukiwa umefichika. Nilitegemea dira ya simu. Picha zote zikatoka na nyota ndefu, hata zile za sekunde thelathini. Nilikaa na picha zile wiki nzima, nikagundua makosa mawili yaliyopandana. Swichi ya pembeni ilikuwa upande wa N (kaskazini) badala ya S (kusini), kwa hiyo traka ilikuwa inazunguka kinyume na anga na kuongeza mstari mara mbili. Hilo lilirekebishika kwa kidole. La pili lilikuwa gumu zaidi: jalada la simu yangu lina sumaku ya kulifungia, na dira ilikuwa inaisoma sumaku ile. Hata ukivua jalada, dira inakuonyesha kusini ya sumaku, ambayo si kusini ya kweli; lazima uongeze au upunguze tofauti ya mahali ulipo.

Hapo ndipo nilipolielewa tatizo letu sisi tulio karibu na ikweta. Mhimili una vipimo viwili, kimo na mwelekeo. Kimo cha ncha ni sawasawa na latitudo ya mahali. Ukijua uko nyuzi 6.4 kusini, unainamisha kitako cha traka nyuzi 6.4 kwa kipima-pembe, na kazi hiyo imekwisha. Kinachobaki ni mwelekeo, na anga letu halina nyota ya kukuonyesha. Nikaamua kuitafuta kusini mchana.

Julai nikavuka kwenda Unguja, nikafika Makunduchi Ijumaa ya tarehe 14. Nilipachagua kwa sababu ni kusini-mashariki mwa kisiwa: mwanga wa Dar unabaki upande wa kusini-magharibi, na kusini yenyewe ni bahari tupu. Mwezi ulikuwa unafichika kabisa Jumatatu. Kijiji kilikuwa kinajiandaa na Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, watu wengi, ila nyuma ya nyumba za mwisho kuna uwanja wa mpira wa watoto, mgumu chini, magoli ya miti ya mikoko, na taa hakuna.

Jumamosi mchana nilikuwa pale na simu mbili, yangu na ya kijana wa nyumba niliyofikia. Zilitofautiana nyuzi saba. Nikiwa nageukageuka nazo, akaja mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea kibla?"

Nikamweleza kwamba natafuta kusini, kusini ya kweli. Akanitazama kama mtu niliyeuliza bahari iko wapi.

"Sisi kibla chetu kaskazini. Ukisimama kuswali, kusini iko mgongoni mwako."

Nikamuuliza ni kaskazini kabisa au karibu na kaskazini. Akasema yeye hajui hesabu za nyuzi, lakini zamani, kabla saa hazijawa nyingi, baba yake alikuwa akisimamisha kijiti uani kuangalia zawali, wakati jua linapofika juu kabisa, na kivuli kikishakuwa kifupi kuliko vyote kilikuwa kinalala kwenye mstari wa ukuta wa msikiti. Kisha akanipa jambo ambalo sikuwa nalo kichwani: "Na siku hizi mbili jua linapita juu ya Makka. Kesho kabla ya adhuhuri weka kijiti chako. Kivuli kitakwambia."

Usiku nilikaa na kalamu. Makka iko longitudo 39.8 mashariki, Makunduchi kama 39.55. Zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Nilipopiga hesabu, kibla cha Makunduchi kikatoka kaskazini kuelekea mashariki kidogo, kama nusu nyuzi tu. Katikati ya Julai, kama mwishoni mwa Mei, jua linasimama wima juu ya Makka, tarehe 15 na 16 saa sita na dakika 27 mchana kwa saa zetu. Zawali ya Makunduchi siku hiyo ni saa sita na dakika 28. Dakika moja kati yake. Nilikuwa nimeswali nikielekea huko tangu utoto bila kujua kwamba naelekea karibu kabisa na kaskazini ya kweli.

Jumapili nikaenda na timazi ya fundi ujenzi na ndoo ya maji. Nikaifunga kamba ya timazi kwenye mti wa juu wa goli, nikaliacha jiwe lake lizame ndani ya ndoo, kwa sababu kusi ilikuwa inavuma na bila maji timazi ingecheza siku nzima. Goli lina urefu wa mita mbili na kitu, kwa hiyo kivuli cha kamba kilikuwa mita moja na robo, kimelala chini kuelekea kusini. Hapa ndipo pa kuwa macho. Jua la Julai kwetu liko juu sana saa hizo, na kivuli chake kinahama nusu nyuzi kwa kila dakika. Ukichelewa dakika nne umekosea nyuzi mbili. Nililinganisha saa ya simu na mtandao, nikakaa nimeinama na misumari miwili mkononi, na ilipogonga dakika ya 28 nikapigilia mmoja mwanzoni mwa kivuli na mwingine karibu na ncha yake. Ncha yenyewe haina ukingo mkali, inafifia kama moshi. Nililenga katikati ya kile kififi.

Kutoka misumari ile nikavuta mshipi wa kuvulia mita 20 kuelekea kusini, kijana akiwa mbele na mimi nikichungulia nyuma yake, mpaka mshipi ukapita juu ya misumari yote miwili bila kugusa pembeni. Mwisho wake tukapigilia kigingi.

Mvuvi mmoja wa jirani alituazima upondo wake, ule mti wa kusukumia chombo, wa mita nne. Wazo lilikuwa hili: kama anga halinipi nyota ya kusini, nitaisimamisha mwenyewe. Kwa umbali wa mita 20, kitu kilicho nyuzi 6.4 juu ya jicho lazima kiwe mita 2.25 juu yake. Mhimili wa traka kwenye stendi yangu ulikuwa mita 1.10 kutoka chini. Jumla mita 3.35. Kwanza tulihakikisha kwamba pale kwenye kigingi na pale kwenye stendi ardhi iko sawa, kwa mpira wa maji wanaotumia mafundi kusawazisha misingi; tofauti ilikuwa vidole viwili, tukaiongeza. Kisha tukafunga tochi ndogo kwenye upondo kwa kimo hicho, nikaiziba kwa kitambaa chekundu, tukausimamisha upondo kwenye kigingi na kuufunga kamba pande tatu kwa sababu ya kusi.

Giza lilipoanza kuingia nikaweka stendi juu ya mwanzo wa mstari, nikaifunga kamera na lenzi yake kabisa kabla ya kulenga. Hili nalisema kwa mkazo kwa yeyote atakayejaribu: ukilenga kwanza halafu ukafunga kamera, uzito wake unaivuta traka na kazi yote unairudia. Nikachungulia kwenye kidarubini cha ndani. Tochi ilionekana kama duara jekundu lenye ukungu, maana kidarubini kile kimetengenezwa kwa vitu vya mbali. Haidhuru. Nikazungusha skrubu za pembeni na ya kimo mpaka duara likakaa katikati ya msalaba.

Bado sikuiamini. Nilikuwa na shahidi mmoja angani. Alpha Centauri, ile nyota kali inayofuata Salibu, yaani msalaba wa nyota wa kusini, usiku huo ilikuwa inafika kimo chake cha juu kabisa saa moja na dakika 26, na nyota ikiwa pale iko juu ya kusini ya kweli barabara. Nikarudi nyuma ya stendi nikiwa nimeshika timazi mkononi, nikaingoja. Saa moja na dakika 25 kamba ilikuwa inakata tochi nyekundu chini, na juu yake, nyuzi thelathini na tano hivi angani, Alpha Centauri imekaa nyuma ya kamba ileile. Nikahamisha kichwa, nikarudisha, nikaangalia tena. Vyote viwili kwenye uzi mmoja. Kijana alitaka kushika naye. Nikampa, akanyamaza muda mrefu. Ukikosa jua la mchana, nyota hii peke yake inatosha, maana inapita pale polepole, sehemu ya saba ya nyuzi kwa dakika, na hukimbizani na saa kama ilivyo kwa kivuli.

Masahihisho ya mwisho yalikuwa ya Antares, moyo wa kundi la nyota la Nge, ilipopita juu ya mstari saa tatu na robo usiku. Nilipiga picha za dakika tatu mfululizo na kulinganisha ya kwanza na ya nne kwa kuikuza kwenye kioo cha kamera. Upande wetu wa dunia, nyota iliyo kwenye mstari huo ikihamia kaskazini, mhimili umekwenda mashariki mno. Ikihamia kusini, umekwenda magharibi mno. Antares ilikuwa imehamia kaskazini kwa kiasi cha kutazamia macho. Nikaigusa skrubu ya pembeni robo ya mzunguko kuelekea magharibi. Picha nne zilizofuata zilikuwa sawa.

Saa nne na nusu kitovu cha Njia Nyeupe kilikuwa kimefika juu kabisa, kikisimama kati ya makundi ya Nge na Kausi. Huko ufukweni bamvua lilikuwa limeivuta bahari mbali, hata mawimbi hayakusikika, ni kusi tu kwenye minazi. Tochi nikaizima. Nikapiga picha 20 za dakika mbili kila moja. Tatu nilizitupa kwa sababu upepo ulitikisa stendi, mpaka nikatundika mfuko wa mawe chini yake ukigusa ardhi. Zilizobaki nyota zake ni vitone, hata pembeni mwa picha, na karibu na mkia wa Nge kuna kile kiwingu cha waridi ambacho Bagamoyo kilikuwa kimechorwa kama doa lililopakwa kwa kidole.

Asubuhi nilimpelekea mzee kamera. Aliishika kwa mikono miwili, akaniuliza Nge iko wapi, nikamwonyesha. Akauliza kama kigingi kile kitabaki pale uwanjani. Nikamwambia tumekipigilia mpaka kikalingana na ardhi, watoto hawatajikwaa. Akasema kibaki, na misumari ibaki, atawaambia wasiing'oe.