Mawe Mekundu ya Martinsart

Kutoka Gent, Ubelgiji, ninakoishi, mpaka Albert huko Ufaransa, treni haikunisumbua. Kilichonikera ni zile kilomita chache za mwisho, mpaka makaburi ya vita ya Martinsart. Jumapili, basi hakuna, na dereva wa teksi pekee niliyemkuta stesheni alinitajia euro 35. Hela hiyo natoka nayo Tanga mpaka Pangani, narudi, na samaki nala. Nikaomba apunguze, akapandisha kioo. Nikaenda kwa miguu, manyunyu yakinichapa, tope jeupe la chokaa likiganda viatuni.

Kaburi nililolifuata ni la Frederick Septimus Kelly, mpiga makasia mzaliwa wa Sydney, Australia. Fainali ya Olimpiki ya 1908 pale Henley, Uingereza, yeye na wenzake wa klabu ya Leander, chombo cha makasia manane, waliwashinda watu wa Gent. Kabla ya hapo alishachukua Diamond Sculls, shindano la huko huko Henley, mara tatu, 1902, 1903 na 1905, peke yake chomboni, makasia mawili mikononi. Muda wake wa 1905 haukuvunjwa hadi 1938. Tena alikuwa mpiga piano na mtunzi wa muziki. Sisi tuliokulia kwenye ngalawa tunajua mkono wa namna hiyo haupatikani hivi hivi.

Vita Kuu ya Kwanza vikamchukua. Akaingia Royal Naval Division, wanamaji waliopiganishwa nchi kavu. Mwaka 1915, wakielekea vitani Gallipoli, Uturuki, alishiriki kumzika rafiki yake, mshairi Rupert Brooke, kisiwani Skyros, Ugiriki, akamtungia muziki wa maombolezo. Gallipoli alijeruhiwa, akapona. Tarehe 13 Novemba 1916 aliuawa Beaucourt, huku Ufaransa, akiivamia bombomu ya Wajerumani. Alikuwa na miaka 35.

Nilitegemea mawe meupe kama makaburi mengine ya Waingereza. Ya Martinsart ni mekundu! Ni jiwe la mchanga, jekundu, la Scotland, na kwa mvua ile rangi ilikolea kama tofali bichi. Nilipitisha kidole kwenye herufi za jina lake. Zimechimbwa vizuri, kila moja inasomeka.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama, akanisalimu, akauliza kama nina ndugu hapo. Nikamwambia sina, babu yake baba alichukuliwa upagazi kwenye vita hivyo hivyo, hakurudi. Akauliza amezikwa wapi. Nilimweleza kwa Kifaransa changu cha kuokoteza kwamba hakuna ajuaye. Sanamu ya Askari ya 1927 ipo pale Posta, Dar es Salaam, lakini haina jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mzee akashika kichwa.

Alinirudisha Albert kwa gari lake, hela akakataa. Kelly anastahili jiwe lake, silionei wivu. Ila babu naye alikuwa na jina, Pangani wanalijua, na ninataka liandikwe.