Stelingi Kavaa Nini?

Nyumbani kwangu sipewi rimoti. Wanadai nikiishika picha haifiki mwisho, na sibishi. Jumamosi tulikuwa na The Dark Knight, ile ya 2008, mume wangu keshakaa mkao wa kula anasubiri lile lori lipinduke (na lilipinduliwa kweli, barabarani katikati ya Chicago, hilo namkubalia), mimi nikaisimamisha pale Batman anapogeuza shingo.

"Umeona?"

"Nimeona nini, mama watoto? Endeleza picha!"

Anageuza shingo! Hamjui habari ya ile shingo. Batman wa 1989, Michael Keaton, alivishwa kofia ya mpira iliyoungana na mabega, kichwa hakiendi kulia wala kushoto. Akitaka kumtazama mtu anageuka kiwiliwili kizima, kama aliyelalia mto vibaya. Watu wakaona ni mikogo ya stelingi, yule shujaa wa picha, kumbe ni nguo imembana. Ndani ya ile ya 2008 Batman mwenyewe anamwendea fundi wake na kumwambia anataka vazi litakalomruhusu kugeuza kichwa. Hesabu mwenyewe, ni miaka 19. Mimi mteja akirudisha gauni kwa sababu ya shingo ananipa siku mbili.

Nashona hapa Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu. Mapenzi ya picha za ngumi nimeyapata kwa baba mdogo aliyekuwa na deki. Kaka zangu walikuwa wanakwenda kibanda umiza, wanabanana kwenye mabenchi, wanarudi wanarushiana mateke uani. Sisi wasichana huko tulikuwa haturuhusiwi, mama alisema ni kwa wahuni. Kwa hiyo jioni za Jumapili tulijazana sebuleni kwa baba mdogo, tunaweka Komandoo, Arnold Schwarzenegger mmoja na jeshi zima. Kaka alikuwa anahesabu maiti kwa vidole. Baba mdogo yeye raha yake ilikuwa kujua kwamba stelingi hafi, hivyo alikuwa anaangalia ametulia kabisa, anakunywa chai, sisi ndio roho juu. Kanda alizozipenda kuliko zote ni zile alizotafsiri Lufufu, anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya Wazungu, na mimi hadi leo naona picha nyingine zilikuwa tamu zaidi mdomoni mwa Lufufu kuliko zilivyotoka huko kwao.

Ila kanda ukiisimamisha inatetemeka, mistari myeupe inapita katikati ya uso wa mtu. Mshono huuoni. Zikaja VCD, picha moja diski mbili, ya kwanza inaisha adui kamwekea stelingi bastola kichwani, unainuka kubadilisha huku watu wanapiga kelele. DVD ndiyo iliyonifungua macho. Ukisimamisha, picha inatulia tuli, naweza kuhesabu nyuzi.

Tena kwenye diski kuna vya ziada, na hapo naomba niseme kitu. Vile vibanda vilitudhulumu. Stelingi akishashinda tu, mwenye kibanda anachomoa, wateja wa picha inayofuata wako mlangoni. Kaka yangu alishaiona Iron Man ya 2008 sijui mara ngapi, na hakujua kwamba majina yakimalizika kupita anatokea mhusika mwingine, Nick Fury. Nilimwonyesha mimi, dada yake aliyekatazwa kibanda.

Shemeji alikuja likizo kutoka Muscat na DVD halisi ya Spider-Man ya 2002. Ile sehemu ya mgahawani, binti anateleza, kijana anamdaka, halafu anadaka vyakula vyote juu ya sinia kimoja baada ya kingine. Mimi nilishaapa ni kompyuta. Kumbe Tobey Maguire alidaka kweli! Walimgandisha sinia mkononi kwa gundi, wakarudia zaidi ya mara mia. Tangu siku hiyo kipande hicho nakipenda kuliko ghorofa kumi zinazoporomoka.

Kinachonikera ni nguo zisizoshonwa. Mwaka 2011 walitoa Green Lantern, nguo yote ya Ryan Reynolds ikachorwa na kompyuta. Mtu anakunja kiwiko, kitambaa hakikunjamani! Nilizima, nikaenda kuosha vyombo.

Black Panther ya 2018 hiyo niliitazama kama mtu anayesoma katalogi. Ruth Carter ndiye aliyebuni mavazi, na mwaka uliofuata akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mavazi. Kofia ya malkia ameitoa kwa wanawake wa Kizulu, mablanketi ya wale walinzi wa mpakani ni ya Wasotho, na wale walinzi wa kike wenye wekundu na shanga, jamani, Wamasai napishana nao stendi kila asubuhi. Watoto walitaka kuona vifaru wakipigana. Nikawaambia vifaru wapo, hawakimbii, subirini nimalize shanga.

Mwezi uliopita jirani akaniletea mwanawe wa miaka mitano anataka nguo ya Spider-Man ya sikukuu ya kuzaliwa. Nikakata kitambaa cha kuvutika, utando nikauinua kwa uzi wa fedha badala ya kuuchora, zipu nikaiweka mgongoni isionekane. Ilimkaa kama ngozi. Saa mbili baadaye mama yake akarudi naye mbio, kamshika mkono, kasuruali kameloa. Mtoto alishindwa kufungua zipu.

Sasa nimeirudia ile diski yote, nasimamisha, nasogeza, nasimamisha tena. Mume wangu kaenda kulala. Zipu yake siioni.