Chakula cha kaskazi hupandwa masika

Mgeni akija Jambiani mwezi wa Aprili nikamwambia kwamba sisi huku tunalima kwenye ukame, hunitazama usoni kujua kama namtania. Mvua inapiga mabati usiku kucha, njia ya kwenda skuli imekuwa bwawa, ukame uko wapi? Humwambia angoje jua litoke.

Mvua Unguja si haba. Kwa wastani kisiwa hupata kama milimita 1,600 kwa mwaka, ingawa upande wetu wa mashariki hupata pungufu ya hapo. Tabu yetu iko chini ya miguu. Kuanzia Makunduchi mpaka Bwejuu tumekaa juu ya jiwe la matumbawe lililojaa matundu, na udongo ulio juu yake pahala pengi hauzidi upana wa kiganja. Maji yakishuka hayakai, yanazama moja kwa moja. Siku chache za jua kali zinatosha kuulaza mchicha. Wenzetu wa Kizimbani na Dole, wenye udongo wa kina kule kwenye mikarafuu, hutushauri tumwagilie zaidi. Wanasema kwa nia njema, lakini kumwagilia zaidi huku ni kulimwagilia jiwe.

Wazee wetu waliijua ardhi hii vizuri kuliko sisi. Waliita maweni pale penye jiwe tupu, uwanda pale penye udongo mwembamba uliotandaa, na kinongo ule udongo mwekundu unaokusanyika kwenye mifuko ya jiwe. Hawakulima maweni kwa jembe. Walikwenda na muo, ule mti wenye ncha, wanachoma kwenye ufa, wanatia mbegu ya mtama au kunde, wanasogea. Mimi uwani kwangu nafuata akili ile ile: natafuta mfuko, na pasipo na mfuko nautengeneza. Wanawake wenzangu wakiniuliza mbegu gani nzuri, jibu langu siku zote ni kwamba kwanza tuonyeshane shimo.

Basi shimo lenyewe ni hivi. Pitisha muo ardhini hatua kwa hatua mpaka usikie umezama badala ya kugonga. Hapo ndipo pa kuanzia. Chimba kwa mtaimbo mpaka upate dhiraa moja kwenda chini na dhiraa moja upana. Mawe yanayotoka usiyatupe, yapange ukuta mdogo upande wa kusi, unakotoka upepo wa kusini, tutayahitaji. Chukua makumbi ya nazi, yale makuukuu yaliyokwisha kunyeshewa, uyapange chini yakitazama juu, mgongo kwenye jiwe na tumbo wazi. Nyuzi za kumbi hunywa maji na kuyaachia taratibu, na mizizi ikizifika huzing'ang'ania. Juu yake tia majani makavu, kisha samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyokwisha kuoza vizuri, ile isiyonuka tena, kisha kinongo, kisha samadi, mpaka shimo lifure kidogo. Masika yakipita litashuka, utaongeza.

Jivu la jikoni usitie. Najua wengi wamefundishwa kwamba jivu ni mbolea, na kweli kwenye udongo mchachu linasaidia. Huku jiwe lenyewe ni chokaa, na jivu linaongeza kile kile tulichonacho tele. Mndimu wako ukiona majani machanga yamekuwa manjano lakini mishipa imebaki kijani, hiyo ndiyo dalili: madini ya chuma yamo udongoni ila chokaa imeyafunga, mti hauwezi kuyavuta. Dawa yake ni samadi iliyooza na majani yaliyooza, mwaka baada ya mwaka. Ni ya polepole.

Sasa majira. Bibi yangu wa Makunduchi hakupanda kwa kalenda ya ukutani. Alihesabu kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Siku ya Mwaka, ile ya Mwaka Kogwa ambapo watu hupigana kwa migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Miongo 36 na siku 5 za gatha juu yake, mwaka umetimia. Siku hizi Mwaka unaangukia katikati ya Julai. Ukihesabu kutoka hapo, siku ya 240 inakufikisha katikati ya Machi, pale masika yanapobisha hodi. Miezi ya Kiislamu tunaihitaji kwa ibada, lakini kwa mbegu haisaidii, kwa sababu kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Kwa shamba wazee walihitaji hesabu ya jua, na walikuwa nayo.

Na mwaka wa mkulima wa huku naona unaanza vyema Julai, kwenye kipupwe. Jua limepoa, usiku unashuka mpaka nyuzi 22 hivi, na ndiyo nafasi pekee ya tungule (nyanya) nzuri, pilipili boga, mabilingani, saladi na spinachi. Lakini anayengoja Julai ndipo asie mbegu amechelewa. Mbegu za tungule nazisia Mei, mvua ikiwa bado, chini ya kibanda cha makuti ili matone yasizipige. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na kwa miche hatuihitaji. Kopo la maziwa lililotobolewa chini linafaa, au pakacha dogo la kuti lililojazwa udongo, ambalo unalifukia pamoja na mche bila kuugusa mzizi. Katikati ya Juni miche inahamia shimoni.

Adui wa kipupwe kwetu ni upepo. Kusi inatoka baharini moja kwa moja, na inakuja na chumvi. Asubuhi baada ya usiku wa upepo mkali pitisha ulimi kwenye jani la bilingani, utaionja. Ncha za majani zinaungua kama zimepitiwa na moto. Ndiyo maana nikasema mawe yapangwe upande wa kusi. Ukuta mkavu usio na saruji ni bora kuliko ukuta mzima, kwa sababu upepo unapenya kwenye mianya na kupunguza nguvu, ilhali ukuta mzima huuruka na kuangukia ndani kwa kishindo. Juu ya mawe nimeongeza makuti yaliyosukwa. Na asubuhi kama hizo nayaosha majani kwa maji matamu kabla jua halijapanda.

Kuna pia kantangaze, yule nondo mdogo ambaye buu lake huchimba ndani ya jani na ndani ya tungule yenyewe. Tanzania tumemjua tangu 2014 hivi. Kagua majani kila siku, linaloonyesha mabaka meupe ya kuchimbwa likate ulichome, usilirundike pembeni. Kokwa za mwarobaini ninazitwanga, nazilaza majini usiku, nachuja, natia povu dogo la sabuni, napiga jioni. Jioni, narudia, maana jua linaivunja dawa ile.

Vuli sina mengi ya kusema. Ikija Oktoba au Novemba vizuri, tia kunde, choroko, matango na mchicha, na usikose kupanda marando ya viazi vitamu. Siku hizi haina ahadi. Ya 2019 ilipitiliza mpaka mimea ikaoza, na kuna nyingine zimepita tumepata mawingu tu. Mimi siitegemei vuli kwa chakula cha nyumba, ila marando lazima, na sababu yake nitaieleza.

Kaskazi ndiyo mtihani. Kuanzia mwisho wa Disemba mpaka Machi upepo umegeuka, jua limesimama utosini, na kila mtu anataka kujua afanye nini bustani isife. La kwanza ni kuacha kuilazimisha tungule. Usiku ukiwa wa joto sana chavua haifanyi kazi, ua linakauka na kupukutika, na maji yote unayochota yanalisha majani matupu. Tungule za kaskazi nanunua sokoni Mwanakwerekwe. Nguvu yangu naitia kwa wanaoweza joto: bamia, pilipili mbuzi, matembele, mlonge, mrehani, mkomamanga, na mchicha kidogo chini ya kivuli cha mpapai.

La pili ni kuyajua maji yako. Maji matamu ya visima vyetu yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya jiwe, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Baada ya masika tabaka la juu ni nene. Kaskazi linakuwa jembamba, na kila anayevuta kwa pampu kwa fujo anaipandisha chumvi juu, kwake na kwa jirani. Onja maji kabla ya kumwagilia. Yakiwa na chumvichumvi, mnazi, mkomamanga na spinachi vitavumilia, maharage hayatavumilia hata ukiyabembeleza. Mwagilia udongo, jani usiliguse, kwa sababu tone likikauka linaacha chumvi yake pale pale. Na ni heri kumwagilia kwa wingi mara chache, maji yakasukuma chumvi chini ya mizizi, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku na kuirundika juu.

Mimi natumia mtungi. Mtungi wa udongo wa kawaida, uliochomwa, usiopakwa rangi. Naufukia mpaka shingoni katikati ya shimo, naujaza maji, naufunika kwa kifuu ili mbu wasizalie humo. Bamia nazipanda kuuzunguka, umbali wa shibiri moja. Udongo wa nje ukikauka maji yanatoka polepole kwenye ngozi ya mtungi, ukilowa yanapumzika. Ukifukua pembeni Februari utakuta mizizi imeukumbatia mtungi kama wavu, myeupe na yenye afya, wakati juu ya ardhi vumbi linaruka. Nimeona vifaa vingi vya kumwagilia, hakuna nilichokipenda zaidi ya hiki.

Kisha kuna maji ya udhu. Nyumba ya watu sita wanaotawadha kwa swala tano humwaga maji mengi, safi, yasiyo na sabuni, na nyumba nyingi yanapotelea sakafuni. Shemegi yangu alinichimbia mfereji mdogo kutoka pahala tunapotawadhia mpaka kwenye mwasumini na mrehani. Siku ya harusi watoto wanakuja kunichumia maua ya kikuba, lile pambo la maua ya kunukia, hata ikiwa Februari, nami nafurahi sana kuwapa. Maji ya kuoshea mchele nayo yanakwenda mndimuni.

Sasa lile la marando. Miaka hii Ramadhani imeingia kaskazi. Mwaka 2024 ilianza Machi, 2026 Februari, na inaendelea kurudi kuelekea Januari. Yaani mwezi ambao kila nyumba inataka muhogo, viazi vitamu, ndizi, ndimu na papai kwa futari, ndio mwezi ambao mabustani yetu yamechoka na bei sokoni zimepanda. Ukianza kuhangaika Rajabu imeshakupita. Hesabu kinyumenyume. Muhogo unataka miezi 9 mpaka 12, basi wa futari ya Februari panda Aprili. Marando ya viazi yanataka miezi 4 hivi, basi panda Oktoba kwenye vuli. Mpapai unaopandwa masika, kama shimo lake ni zuri, unaweza kuanza kutoa papai la kuiva kwenye kaskazi inayofuata. Masika basi ni ya kujaza mashimo, kupanda miti na mihogo na kukinga maji ya mabati kwenye madumu. Mwenye kuyatumia masika kwa tungule huambulia ukungu, na nafasi ya muhogo imempita.

Kama una shimo moja tu mwaka huu, litie mpapai. Weka mbegu tatu au nne, za papai ulilolila mwenyewe ukaridhika nalo, zilizooshwa ute wake na kukaushwa kivulini. Usizipunguze mapema, kwa sababu mpapai dume na jike huwezi kuwatambua mpaka watoe maua. Dume lina vikonyo virefu vinavyoning'inia na maua madogo mengi, jike ua lake ni kubwa na limekaa karibu na shina. Hapo ndipo ukate, ubakishe jike moja lenye shina nene. Dume moja laweza kutumikia majike mengi, kwa hiyo ulizia kwanza kwa jirani kama analo kabla hujayakata yako yote. Matunda yakianza kupiga rangi yavishe kipande cha nyavu kuukuu, zimejaa pwani, maana kunguru hawa walioletwa kisiwani miaka ya 1890 wanajua siku ya kuiva kabla yako.