Kwa Nini Sichemshi Tena Fuvu la Mbuzi

Fuvu la kwanza nililoliandaa kwa ajili ya darasa langu la biolojia, wakati huo nikiishi Nakuru, nililichemsha. Nilikitia kichwa cha mbuzi sufuriani asubuhi, nikakiacha kitokote juu ya jiko la makaa hadi jioni, na nyama ikabanduka kwa urahisi. Baada ya miezi kadhaa fuvu lile liligeuka manjano na kuanza kunata mkononi, kwa kuwa mtokoto mkali huyapenyeza mafuta ndani ya mfupa. Lililoniuma zaidi ni vile vifupa vilivyojikunja ndani ya pua, vyembamba kama ganda la kitunguu, ambavyo nilikuwa nimevimwaga pamoja na supu. Ilinibidi niwaeleze wanafunzi kwa maneno kitu ambacho walistahili kukiona kwa macho.

Tangu hapo kazi yote naiachia maji. Mchinjaji namwarifu siku moja kabla, maana vichwa vingi vya sokoni huwa vimeshababuliwa motoni na kupasuliwa kwa shoka ili ubongo utolewe, na fuvu lililopasuliwa halinifai. Nikishakichuna, naondoa macho, ulimi na minofu minene kwa kisu, nautoa ubongo polepole kupitia tundu la kisogoni, kisha nakizamisha kichwa katika ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Sitii chumvi wala dawa yoyote, kwa sababu wanaoila nyama iliyobaki ni bakteria, na kinachowaua hao huisimamisha kazi. Bakteria hao hupenda joto. Nakuru, iliyo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na yenye usiku wa baridi, ndoo yangu ilichukua karibu miezi miwili. Hapa Kisumu wiki tatu hunitosha. Harufu yake ni kali mno, kwa hiyo ndoo hukaa mbali na nyumba za majirani na maji yake nayafukia shimoni.

Maji ninayabadilisha mara kwa mara, ila theluthi moja ya yale ya zamani naibakiza ili bakteria wasipotee. Kila ninapomwaga natumia kichujio cha chai, kwa kuwa meno 8 ya mbele ya taya la chini hulegea na kuchomoka, nalo jino moja likipotea, kielelezo kimeharibika. Pembe nazo, baada ya siku kadhaa majini, huchomoka kama ala inavyochomoka kwenye kisu, na ndani huonekana kiini cha mfupa chenye vitundu vingi ambacho wanafunzi wengi hawakudhani kipo.

Mfupa ukishakuwa mtupu, naulowesha katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, nikiyabadilisha kila yanapochafuka, hadi mafuta yaishe. Ndipo naung'arisha kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo siigusi kamwe, kwani huula mfupa wenyewe ukaja kuwa unga.

Nawasihi walimu wenzangu wasiokote mzoga ambao hawajui umekufa kwa nini. Kimeta kiliua nyati wengi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru mwaka 2015, na mbegu za ugonjwa huo huweza kudumu udongoni kwa miongo. Zaidi ya hayo, sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki mafuvu na mifupa yao bila kibali. Mbuzi, kondoo, sungura wa kufugwa na kuku wanatutosha.

Fuvu la muhula huu lilikauka kivulini wiki iliyopita. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza meno ya juu ya mbele yameangukia wapi, nami nikamwambia kwamba mbuzi hana meno hayo tangu kuzaliwa. Alipitisha kidole kwenye ule mfupa laini usio na pengo wala tundu la jino, kisha akaomba tochi na kumulika puani, akawaita wenzake waje waone mikunjo.