Siku Kiuno Changu Kilipoachia

Ramadhani ya mwaka 2016 ilinikuta siwezi kurukuu. Nilikuwa naswali nimekalia kiti cha plastiki, safu ya nyuma, pamoja na wazee wenye magoti mabovu, nami nina miaka 44. Watoto wa madrasa wakaanza kuniamkia kwa heshima ya kupitiliza. Hiyo iliniuma kuliko kiuno chenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Kiti changu hakikuwa na mgongo, kichwa chini toka asubuhi mpaka adhana ya Magharibi, na ikiingia Ramadhani kuna kanzu za Idd, kwa hiyo narudi tena kwenye cherehani baada ya tarawehe. Kiuno kilikuwa kimeanza kukaza miaka mitano nyuma. Mwanzoni kilikuwa cha asubuhi tu, nikishaoga maji ya moto kinalegea. Baadaye kikahamia moja kwa moja. Kuinuka kwangu kulikuwa kwa awamu, kama ngamia: mikono mezani, makalio nyuma, natulia kidogo, ndipo nasimama. Vijana ninaowafundisha kazi walijua kuniigiza kabla hawajajua kukata kola.

Dawa za kuchua nilizimaliza, vidonge nilimeza. Kwenye zahanati moja nilichomwa sindano na hakuna aliyenigusa mgongo. Eksirei ikasema mifupa haina neno. Sasa mifupa haina neno na mtu hawezi kufunga kamba za viatu, utamweleza nani akuelewe? Kisha nikapelekwa kwa jamaa mmoja mwenye mikono mizito, akanikanyaga kwa kisigino mpaka nikalia. Siku tatu nililala kifudifudi. Nilimlipa na shukrani juu, maana nilikuwa naamini maumivu makubwa hayatoki ila kwa maumivu makubwa zaidi.

Mama Salma, mke wangu, ndiye aliyesikia habari za binti aliyesomea fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, hospitali ya KCMC kule Moshi. Tukaenda wote asubuhi, yeye na kikapu chake, akitoka hapo apitie sokoni kutafuta vya futari.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu.”

Hakukimbilia kunilaza. Aliuliza kama nina homa, kama nimekonda, kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unatoka sawasawa. Mama Salma alijibu maswali mengi kuliko mimi. Akaniambia nitembee, niiname mpaka panapogoma, nigeuke kulia na kushoto. Vidole vyangu viliishia magotini.

“Baba, ukinunua sarara, unauona ule utando mweupe unaong'aa, muuza nyama anauchuna kwa ncha ya kisu?”

“Nauona. Ukiuacha haulainiki.”

“Na wewe unao. Umeifunika kila misuli, na hapa kiunoni umelala tabaka juu ya tabaka. Zinatakiwa zitelezeane.”

Hapo nikamwelewa kuliko alivyodhani. Koti lina bitana. Bitana ikikatwa fupi, au ikigandana na kitambaa cha juu, koti litavuta begani hata uwe fundi wa namna gani, na mteja atalaumu bega.

Nilivua shati nikalala kwa tumbo. Nikasubiri mafuta, hayakuja. Alisema mafuta yangeufanya mkono uteleze juu ya ngozi, naye anataka ngozi iende pamoja na mkono. Akaweka kiganja kimoja juu kidogo ya nyonga, kingine chini ya mbavu, akavisukuma polepole kila kimoja upande wake. Vilipofika mahali vikakwama, akaacha. Hakuongeza nguvu, wala hakuondoa mikono. Dakika ikapita, na nyingine. Feni ilikuwa imesimama, nikadhani anangoja umeme urudi.

Halafu pale chini ya kiganja pakaingia joto, na kitu kikasogea. Kidogo sana. Mwenye kushona marinda atanielewa: unavuta uzi, kitambaa kimejikusanya kinakataa, kinakataa, mara mikunjo inaanza kujifungua mmoja mmoja na wewe hujaongeza nguvu. Nilisikia mvuto ukishuka mpaka nyuma ya goti. Nikamkumbuka bibi yangu wa Pangani, aliyekuwa akikanda wazazi. Nilipoamka na shingo imekaza utotoni, alinishika tu kisogoni akisoma uradi wake, na hakuniachia mpaka amalize. Nilidhani amenisahau.

Nilipoinuka nikainama tena. Vidole vikapita magoti, vikafika nusu ya muundi. Mama Salma akacheka kwa sauti, kisha akasogeza kikapu chini ya stuli: “Mwanangu, na mimi nina bega hili.”

Nilimuuliza binti kama ameukwangua ule utando. Akasema hapana, ni mgumu mno, mkono haupati kuurefusha hivi hivi. Huenda mishipa ya fahamu iliyomo humo ndiyo inayotulia, na misuli ikaacha kujikaza. Nikampenda kwa ile “huenda”. Wale wa kabla yake wote walikuwa na uhakika.

Siku ya tatu kiuno kilikaza tena, si kama mwanzo. Nilikwenda mara tano zaidi, na kila mara alinipa mazoezi, akanikataza kukaa zaidi ya saa moja bila kusimama. Kiti nilikibadilisha. Miaka ya baadaye Salma alinisomea kwenye simu habari za mtafiti Helene Langevin na wenzake kule Marekani, mwaka 2011: walitazama tabaka za utando wa kiunoni kwa altrasaundi, wakakuta kwa wenye maumivu sugu zinatelezeana pungufu kwa asilimia 20 hivi. Kipi kilitangulia, kuuma au kukaza, utafiti ule haukuweza kusema. Nami mwenye kiuno siwezi.

Usiku wa siku ile ya kwanza nilikwenda tarawehe. Kiti cha plastiki nilikiweka nyuma yangu, kwa tahadhari. Rakaa nane nilisimama na kurukuu. Zilizobaki nilikikalia.